Fainali ya mashindano ya kimataifa: tuonyeshe huduma yetu mubashara au turekodi video?

Nyuzi_Tatu (mtoa mada)
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri, nimekwama na usingizi sipati.

Mimi na wenzangu ni wanafunzi wa chuo. Tumeingia fainali ya mashindano ya kimataifa ya kujenga huduma za kibiashara za mtandaoni. Yetu inapokea oda kutoka mfumo wa mnunuzi, inaangalia kama mzigo upo kwenye ghala la muuzaji, kisha inatoa ankara bila mtu kuandika chochote kwa mkono. Fainali ina njia mbili: kuonyesha mubashara mbele ya majaji, au kutuma video halafu kujibu maswali kwa maandishi. Wenzangu wanataka mubashara, mimi nataka video. Intaneti ya ukumbini siiamini. Mnashaurije?

MzeeWaSeva
Hongereni sana vijana. Nendeni mubashara. Enzi zetu huduma za namna hii zilikuwa SOAP tupu, ule utaratibu wa mifumo kutumiana ujumbe. WSDL 1.1, lugha ya kueleza huduma inapokea na kurudisha nini, ilitoka 2001, na faili lake la maelezo lilikuwa linaweza kuwa refu kuliko programu yenyewe. Tulionyesha kwa kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya. Upande mmoja ulituma tarehe ikianza siku, wa pili ukasoma ikianza mwezi, oda ikaonekana ya mwaka ambao haujafika. Tukaeleza palepale kilichotokea, na majaji walitupa alama kwa maelezo yale. Video haitakupa nafasi hiyo.

Bintihesabu
Weka seva na kanzidata kwenye kompyuta moja, mfumo wa mnunuzi humohumo. Mtandao ukikata, onyesho linaendelea. Kwa hiyo suala la intaneti limekwisha. Unaogopa nini hasa?

Kipepeo_J
Mimi nilipita ICPC, mashindano ya kimataifa ya vyuo ya kuandika programu. Watu watatu, kompyuta moja, programu inakubaliwa au inakataliwa. Hakuna video wala porojo. Nyie wa huduma za biashara mnapenda slaidi mno.

Nyuzi_Tatu
@Bintihesabu naogopa maswali. Kuna sehemu yetu ya kuzuia ankara mbili. Mtandao ukikatika oda ikiwa imefika lakini jibu halijarudi, mfumo wa mnunuzi unatuma tena. Seva isipojua kwamba ni ombi lilelile, inatoa ankara ya pili na mnunuzi anadaiwa mara mbili. Kwetu kila ombi linakuja na namba yake ya kipekee. Namba, ankara na jibu vinahifadhiwa kwa muamala mmoja (vyote vinaingia au hakuna kinachoingia), na namba ileile ikirudi seva inatoa jibu la kwanza. Majaji wa hatua iliyopita waliisifia mno. Nahisi watachimba hapo.

Bintihesabu
Watachimba, na wana haki. Kwa kanuni za HTTP, utaratibu wa mawasiliano ya wavuti (RFC 9110 ya 2022), maombi ya PUT (kuweka) na DELETE (kufuta) ukiyarudia matokeo yaliyokusudiwa ni yaleyale. POST (kutuma data ishughulikiwe) haina dhamana hiyo, na ankara nyingi huundwa kwa POST. Mimi ningekuwa jaji ningeuliza hivi: maombi mawili yenye namba moja yakiingia kwa pamoja, la kwanza bado linashughulikiwa, la pili linafanywaje? Aliyeandika sehemu hiyo ajibu. Nani aliandika?

Nyuzi_Tatu
Mwenzetu mmoja. Hayupo tena kwenye timu.

FundiMitambo
Hayupo kivipi? Kahitimu, kaugua, au mmemtoa? Nyoosha maelezo mkuu.

Nyuzi_Tatu
Tulimtoa. Naomba mnielewe kabla ya kunihukumu. Vikaoni haji, ujumbe anajibu akijisikia. Nafasi za kusafiri ni chache, tukaona zibaki kwa wanaojituma. Fomu ya fainali haina jina lake na imeshatumwa. Msimbo (maandishi ya programu) ni wa timu, si wa mtu. Tumeuhamishia kwenye hazina mpya ya Git (mfumo wa kutunza msimbo na historia ya mabadiliko yake) ili tuanze upya kwa mpangilio mzuri. Mimi niliuliza video au mubashara tu.

MamaWawili
Mwanangu, mlimuuliza kwa nini haji vikaoni? Mdogo wangu alisema hivyohivyo kuhusu mwenzake wa kazi ya kundi, kwamba ni mvivu. Kumbe kijana wa watu alikuwa anauguza mzazi, usiku ndio anafanya kazi peke yake. Mtu anayewaachia sehemu inayosifiwa na majaji mnamwitaje asiyejituma?

FundiMitambo
"Msimbo ni wa timu" mliandikishana wapi? Mkataba wa Berne wa hakimiliki wa 1886, tangu marekebisho ya 1908, hautaki usajili wowote ili mwandishi alindwe. TRIPS ya 1994, mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za ubunifu, kifungu cha 10, inazilinda programu kama kazi za maandishi. Na hiyo hazina mpya haiwasaidii. Kwenye Git, kila aliyechukua nakala kamili anabaki na historia yote, jina na tarehe ya kila badiliko. Yeye akiwapelekea waandaaji nakala yake, yenu iliyozaliwa nzima kwa siku moja itaonekanaje?

Kipepeo_J
Kumbe video ni ya kumkwepa jaji!

Chakubimbi
Ngojeni kwanza. Hii chai. Mtoa mada anadai anaogopa maswali kwa sababu aliyeandika hayupo. Mbona hapo juu katiririka namba ya ombi, muamala mmoja, jibu la kwanza, bila kukwama? Huyu ndiye aliyetolewa. Kaja kupima upepo kabla ya kuwashtaki wenzake.

MzeeWaSeva
Eh! Na kweli. Dogo, kama ni wewe, peleka nakala yako kwa waandaaji mapema.

MamaWawili
Kama ndiye, pole sana mwanangu.

Bintihesabu
Siamini. Niliuliza kuhusu maombi mawili kwa pamoja na hajagusa mpaka sasa. Aliyeandika angejibu kwa mstari mmoja: namba imewekewa sharti la upekee kwenye kanzidata (haiwezi kuingia mara mbili), la pili linasubiri au linakataliwa.

Nyuzi_Tatu
Mimi si yeye. Nilichoeleza nimekisoma kwenye maelezo aliyoyaacha ndani ya msimbo. Swali lako niliwapelekea wenzangu, hakuna aliyejua. Nimeangalia sasa hivi, sharti hilo lipo kwenye jedwali, ni yeye aliliweka. Lakini tukirudisha jina lake sasa, waandaaji si watatuondoa?

FundiMitambo
Wanaweza. Someni masharti yanasemaje kuhusu kubadili wanatimu, halafu waandikieni leo wenyewe, wasije wakasikia kwa mwingine. Kusafiri na kutajwa kama mwandishi ni mambo mawili. Anaweza kutajwa hata asiposafiri, ila kama atasafiri au la mkalijadili naye. Hazina ya zamani na historia yake irudi kama ilivyokuwa.

Nyuzi_Tatu
Barua aandike kiongozi wa timu au tusaini wote?

FundiMitambo
Kiongozi ni nani?

Nyuzi_Tatu
Ni mimi.

Bintihesabu
Basi anza wewe kusaini, wenzako wafuate. Na rasimu aione yeye kabla haijaenda kwa waandaaji. Kama kuna neno haliko sawa, alirekebishe mwenyewe.