Ng'ombe wa siku 269 za mimba amekutwa na TB (Wales): ndama wa tumboni analipiwa?

KijanaWaZizini

Wakuu salaam. Swali la haraka kwa wanaojua taratibu za TB ya ng'ombe huku Uingereza. Shamba ni la maziwa, magharibi mwa Wales, ng'ombe ni Holstein. Daktari alichoma tuberkulini (kipimo cha TB cha ngozini: sindano moja ya TB ya ndege, nyingine ya TB ya ng'ombe, kisha uvimbe hulinganishwa) Jumanne 25 Novemba, akarudi kusoma Ijumaa tarehe 28. Wawili wamekamatwa.

Wa kwanza ni ng'ombe wa mzao wa tatu. Sindano ya ndege imevimba milimita 2, ya ng'ombe 13. Alipandishwa kwa mrija (mbegu za dume kupandikizwa bila dume) 4 Machi, mbegu ya kuchagua majike, na alikaushwa (aliachishwa kukamuliwa kabla ya kuzaa) Oktoba kwa dawa ya kuweka kwenye chuchu.

Wa pili ni mtamba, mimba ya miezi sita kwa skani. Ndege 2, ng'ombe 5. Kwanza aliandikwa "hana uhakika", baadaye karatasi ikabadilishwa kuwa ana TB.

Naomba kujua: ndama wa tumboni analipiwa? Yule wa kwanza anaweza kusubiriwa azae? Na wakimmaliza hapa hapa shambani, ndama inakuwaje? Mwenye shamba anasema heri apakiwe haraka aende machinjioni, yaishe.

DaktariWaMalisho

Msimpakie. Hesabu kwanza.

Kuanzia 4 Machi hadi 28 Novemba ni siku 269. Holstein hubeba takriban siku 280. Sheria ya usafirishaji wa wanyama iliyorithiwa kutoka Umoja wa Ulaya (Kanuni 1/2005) inamhesabu mnyama aliyefikisha asilimia 90 ya mimba kuwa hafai kusafiri, na vilevile aliyezaa ndani ya wiki moja iliyopita. Kwa Holstein mstari huo ni siku ya 252, na huyu ameuvuka zaidi ya wiki mbili zilizopita. Kama angekuwa na mimba ya dume la Limousin (ng'ombe wa nyama), ambalo ndama wake hukaa karibu siku 289, mstari ungesogea hadi siku ya 260. Kwa hiyo daftari la upandishaji liwe na jina la dume pamoja na tarehe.

Kuna kufuli la pili, nalo watu hulisahau: dawa ya kukaushia. Soma lebo, hesabu tangu siku ilipowekwa. Nyama ya mnyama ambaye muda wake wa dawa haujaisha haiingii kwenye chakula cha watu, hata akiwa mzima wa afya. Ng'ombe wa mwezi wa mwisho mara nyingi hubanwa na yote mawili, mimba na dawa, ndiyo maana hao ndio huishia kuuawa shambani.

Kuhusu kusubiri: tangu Mei 2024 serikali ya Wales imeruhusu kuahirisha kuua shambani ng'ombe aliye katika siku chache za mwisho za mimba, au aliyezaa saa chache zilizopita, mradi mfugaji atimize masharti ya kinga. Si haki ya moja kwa moja. Uamuzi ni wa APHA (shirika la serikali la afya ya wanyama), na unaombwa siku ile ile ya kusomwa, si siku mpiga risasi anapofika getini. Siku ya 280 inaangukia 9 Desemba. Lengo la APHA ni kuondoa mnyama ndani ya siku 10 za kazi, na 9 Desemba ni ya saba. Huyu anaweza kuzaa hata kabla muda wa kawaida haujaisha. Peleka nakala ya rekodi ya mrija pamoja na karatasi ya skani. Ukisema "karibu atazaa" bila tarehe, huna hoja.

Masharti yenyewe ni kumtenga kikwelikweli. Banda lake peke yake, lisilochangia hewa na mengine, ndoo yake ya maji, hori lake, koleo lake. Kumfunga kona ya banda la kuzalia walimo wenzake watano si kutenga. Samadi yake isimwagwe malishoni. Anayemhudumia amalizie kwake, asianzie kwake, na buti zipite kwenye dawa iliyoidhinishwa kwa TB kwa kipimo cha lebo ya TB. Dawa moja huwa na vipimo tofauti kwa magonjwa tofauti, na hapo ndipo wengi hukosea.

Akiuawa akiwa na mimba, ndama hufa kwa kukosa oksijeni baada ya mama. Tumbo linaweza kucheza kwa dakika kadhaa, na asiyejua huchomoa kisu akitaka "kumwokoa". Asiguswe. Mwongozo wa kimataifa wa afya ya wanyama unataka mfuko wa uzazi usifunguliwe mpaka ndama awe amekufa. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula ya Ulaya, EFSA, ilipitia suala hili: ndama wa theluthi ya mwisho ana viungo vya kuhisi maumivu, lakini akiwa bado tumboni kuna uwezekano mkubwa kwamba hahisi, kwa sababu ubongo wake umezuiwa kuamka. Pumzi ya kwanza ndiyo hubadili hali hiyo. Ukimtoa nusu hai, umemletea mateso ambayo hakuwa nayo.

Mtamba: tofauti ni milimita 3. Kwa usomaji wa kawaida, 1 hadi 4 juu ya ndege ni "hana uhakika", anapimwa tena baada ya siku 60. Lakini kundi likithibitishwa kuwa na maambukizi, husomwa kwa ukali, na chochote kinachozidi 2 kinahesabika TB. Karatasi haikukosewa. Miezi sita anasafiri kihalali.

HesabuSawa

Daktari amemaliza upande wake, mimi niseme fedha.

Wales hutumia uthamini wa mnyama mmoja mmoja: mthamini anakuja, anampa bei ambayo angeuzwa sokoni kama asingekuwa na ugonjwa, na kikomo ni pauni 5,000. Ndama wa tumboni hana mstari wake kwenye karatasi. Thamani yake imo ndani ya mama, kwa sababu ng'ombe wa maziwa aliyebakiza siku 11 azae huuzwa tofauti na mkavu asiye na mimba. Ila mthamini hawezi kuona tumboni. Muwekee mezani: karatasi ya skani, ankara ya mbegu yenye jina la dume na inayoonyesha ni ya majike, rekodi ya maziwa ya mizao iliyopita, na cheti cha ukoo kama amesajiliwa. Cheti kilichoko njiani kwa posta hakisaidii.

Akizaa kabla ya mthamini kufika, anathaminiwa kama ng'ombe aliyezaa karibuni, na ndama anabaki wa shamba. Kwa hiyo kusubiri hakumpunguzii mwenye shamba kitu. Asiwe na haraka ya hasara.

Visivyolipwa: maziwa ambayo hayatakamuliwa, gharama ya kutafuta ng'ombe mbadala, na ndama madume watakaobanana bandani kwa sababu shamba limefungiwa (mifugo hairuhusiwi kutoka bila kibali). Hilo la mwisho ni suala la ustawi kabisa. Ombeni kibali cha kuwahamisha mapema, msingoje hadi vibanda vijae.

Mfugaji_Devon

Nyongeza kwa wasomaji wa England, msije mkachukua majibu ya Wales mkayabeba kama yalivyo. Huku hakuna mthamini kwa kawaida. Kuna jedwali la makundi 51, kwa umri, jinsia, maziwa au nyama, mwenye ukoo au asiye nao, na bei hubadilishwa kila mwezi kufuata minada. Kwa majike wakubwa wa maziwa kundi linategemea kama ameshazaa au bado. Mimba ya siku 269 au siku 60, bei ni ile ile. Tangu Novemba 2018 fidia hukatwa nusu kwa mnyama aliyeingizwa kwenye kundi ambalo tayari limefungiwa, akikutwa na TB kabla kundi halijafunguliwa. Kwa hiyo kununua mitamba wenye mimba kujaza pengo katikati ya karantini ni kamari.

KijanaWaZizini

Shukrani sana. Mwenye shamba amekubali asubiriwe, APHA wamepigiwa. Swali moja: si achomwe sindano azae mapema tuwe na uhakika? Na huyo ndama anyweshwe nini?

DaktariWaMalisho

Sindano ya kuanzisha uchungu ni deksamethasoni, miligramu 20 hadi 40 kutegemea uzito, na huzaa ndani ya siku mbili au tatu hivi. Kwa siku ya 270 na kuendelea ndama huwa na mapafu ya kutosha. Tatizo ni kondo: baada ya sindano hii hubaki ndani mara nyingi, na ng'ombe anayenuka kondo lililooza kwenye banda la kutenga si ustawi bora kuliko kusubiri siku chache. Pia ni dawa nyingine yenye muda wake wa kusubiri. Mimi singechoma, isipokuwa APHA wakigoma kuongeza hata siku moja. Na hapo mwulizeni kwanza daktari wenu pamoja na APHA.

Ndama: muwe tayari kabla. Mtoeni kwa mama mara tu anapodondoka, kwenye majani makavu safi, kitovu kichovywe iodini. Dang'a ya mama asipewe, maana maziwa ya aliyekutwa na TB yanaweza kubeba vimelea. Hayauzwi hata yakichemshwa, wala hayafai kunyweshwa ndama wengine. Gandisheni sasa hivi dang'a ya ng'ombe aliyepita kipimo, lita 3 au 4, au nunueni ya unga. Lita 3 ziingie ndani ya saa mbili za kwanza. Dang'a iliyogandishwa iyeyushwe kwenye maji yasiyozidi nyuzi 50; ukimwagia maji yanayochemka unaua kinga yote, unabaki na maziwa mazito tu.

Hereni ya kwanza ndani ya saa 36, kwa kuwa ni ndama wa kundi la maziwa, na maombi ya pasipoti ndani ya siku 27. Kuzaliwa na mama mwenye TB hakumfanyi ahesabiwe mgonjwa. Maambukizi ya tumboni ni nadra. Atapimwa ngozi akifikisha siku 42.

Na kipimo kijacho, mwambieni daktari ni ng'ombe gani wamezaa wiki za karibuni. Karibu na kuzaa ngozi huweza kunyamaza, mwenye ugonjwa akasomeka mzima.