Binti yangu amebadilika: ni ujana tu au kuna jambo?

Mama Binti: Ndugu wazazi, naomba ushauri. Binti yangu wa miaka 15 anajifungia chumbani, hataki kula nasi, na rafiki yake wa tangu utotoni hamtaji tena. Nikimuuliza kulikoni, hunijibu "hakuna kitu". Jamaa wanasema ni ujana, utapita. Nitajuaje kama ni jambo zito?

Mnasihi: Pole, mama. Usimlinganishe na vijana wengine, mlinganishe na alivyokuwa yeye mwenyewe. Aliye mkimya tangu zamani hana tatizo kwa hilo pekee. Lakini aliyekuwa mchangamfu akanyamaza, akaacha aliyoyapenda, usingizi na hamu ya kula vikavurugika, na hali hiyo ikadumu wiki 2 au zaidi, anahitaji kuonwa na mtaalamu. Fahamu pia kwamba sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kwa vijana huweza kujitokeza kama hasira, si machozi tu, ndiyo maana wazazi wengi huidhania utovu wa adabu wakaishia kuuadhibu ugonjwa.

Baba Mlezi: Naongeza kuhusu mazungumzo. Ukimkalisha na kumhoji, atajiona yuko kizimbani. Mkiwa mnakunja nguo au mko njiani, mwambie ulichokiona: "Naona siku hizi unakesha, na rafiki yako haji tena, nina wasiwasi." Kisha nyamaza, hata kimya kikirefuka, na akianza kusema usimkatize kwa mawaidha.

Mnasihi: Zipo dalili ambazo hazingojei wiki 2: kusema afadhali asingezaliwa, kugawa vitu anavyovithamini, au kuvaa mikono mirefu wakati wa joto ili kuficha majeraha ya kujikata. Ukiziona, muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Wengi huhofia kwamba swali hilo litampa wazo hilo, lakini tafiti hazionyeshi hivyo, na wapo wanaopata nafuu kwa kuulizwa tu. Akikubali, usimwache peke yake, fungia dawa, sumu na vitu vyenye makali, umpeleke hospitali siku hiyohiyo. Usimwahidi kwamba itabaki siri yenu.

Mama Binti: Asanteni sana. Hayo ya mwisho sijayaona kwake, ila usingizi na chakula ndivyo kabisa. Je, akikataa kwenda kwa mtaalamu?

Mnasihi: Tangulia wewe, umweleze mtaalamu uliyoyaona na tangu lini. Kisha mpe binti nafasi ya kuchagua: aonane na mwanamke au mwanamume, uingie naye au usubiri nje. Kijana aliyeshirikishwa hivyo huwa mwepesi zaidi kukubali.