Gari lenye kilomita 280,000: nibadilishe sehemu zote za chini ya mbele, au zilizokwisha tu?

Spana_17 anauliza:

Ndugu zangu, naomba ushauri. Gari langu linavutwa na magurudumu ya mbele, shokapu zake za mbele zimevishwa springi, na limeshatembea kilomita 280,000 bila sehemu za chini za mbele kuguswa, ukiacha tairi na pedi za breki. Kwa muda sasa, nikipita polepole kwenye vishimo vidogo, nasikia chuma kikigonga upande wa kushoto. Nikiongeza mwendo kwenye lami nzuri mlio hupotea, ila nalazimika kuurekebisha usukani kila mara ili gari lisiende kombo, na tairi la kushoto limelika zaidi ukingo wa ndani.

Fundi mmoja ameniambia ninunue seti nzima: shokapu, springi, mikono ya chini (vyuma vinavyoshikilia gurudumu kwenye fremu), bolijointi (kiungo cha duara kati ya mkono na gurudumu), tairodi endi (ncha ya fito inayogeuza gurudumu), stabilaiza linki (kiungo kifupi cha fito inayozuia gari kulala kwenye kona) na beringi za magurudumu. Sikatai kwamba gari limechoka, lakini orodha hiyo aliitoa akiwa amesimama wima, bila kuliinua gari wala kushika chochote. Ninazo zana za kawaida, jeki na stendi imara, na breki huwa nazifanya mwenyewe. Nianze na kipi, na ni kazi gani nisithubutu kuifanya nyumbani?

Fundi_Mstaafu anajibu:

Kilomita hizo ni sababu tosha ya kulikagua gari kwa makini, lakini si sababu ya kununua beringi ambayo hailii wala haichezi. Anza kwa kuegesha gari mahali tambarare, likiwa limekanyaga chini kwa magurudumu yote, kisha ingiza mkono ushike stabilaiza linki huku mwenzako akilisukuma gari juu na chini. Ukihisi kitu kikigonga kidogo kwenye kiganja, umempata mshukiwa wa kwanza, kwa sababu mlio wa mwendo mdogo kwenye vishimo vidogo mara nyingi hutoka hapo. Usiikague linki hii ukiwa umeinua gurudumu moja tu, maana fito ya stabilaiza hupindwa, ikaibana linki, na uchezaji ukajificha.

Baada ya hapo inua mbele yote na uiweke juu ya stendi. Shika tairi kushoto na kulia ulitikise: likicheza, tazama tairodi endi pamoja na kiungo cha ndani kilichofunikwa na mpira wa stelingi. Lishike tena juu na chini: likicheza, ni bolijointi au beringi, na utazitofautisha kwa kumwomba mtu akanyage breki, kwa kuwa breki hulifunga gurudumu na kuuficha uchezaji wa beringi, lakini ule wa bolijointi unabaki palepale.

Kuhusu gari kwenda kombo na tairi kulika ndani, mimi ningetazama kwanza bushi ya nyuma ya mkono wa chini, yaani kiungo chake cha mpira na chuma. Bushi hiyo hupokea sehemu kubwa ya nguvu ya breki, na mpira wake ukipasuka mkono husogea mbele na nyuma, kwa hiyo mwelekeo wa gurudumu hubadilika wakati gari liko mwendoni. Ingiza baa ndogo kati ya mkono na fremu uisukume kwa upole. Nyufa za juujuu kwenye mpira si tatizo. Mpira uliojitenga na chuma ndio uliokwisha. Shokapu nayo ikiwa na ukungu mwembamba wa mafuta iache, ila ikichuruzika, zibadilishwe mbili, ya kushoto na ya kulia.

Uamuzi wa nini kitangulie uufanye kwa kuangalia madhara. Linki ikikatika utasikia kelele na gari litalala zaidi kwenye kona. Bolijointi au tairodi endi ikichomoka, gurudumu halikutii tena. Kwa hiyo bolijointi inayocheza haisubiri bajeti.

Mpenda_Grisi anajibu:

Nakubaliana na ukaguzi huo, lakini kwa umri wa gari hili mimi singebadilisha bushi peke yake. Kuitoa na kuiingiza kunahitaji mashine ya kukandamiza, na kwenye magari mengi mkono mpya huuzwa ukiwa tayari na bushi zote mbili na bolijointi yake. Nunua mikono miwili kamili, ufanye kushoto na kulia.

Sasa jambo ambalo hata gereji nyingi hulipuuza. Bushi nyingi za aina hii zimegandishwa kwenye bomba la chuma lililo katikati yake, na bolti ikishakazwa, bomba hilo halizunguki tena. Kinachojinyonga ni mpira. Ukizikaza bolti wakati gurudumu linaning'inia, gari likishushwa mpira utabaki umekamuliwa kama nguo iliyofuliwa, siku zote, hata likiwa limeegeshwa. Bushi mpya ya namna hiyo hupasuka mapema, kisha lawama huangukia spea. Zishike bolti kwa wepesi, inua mkono kwa jeki hadi gurudumu lifike kimo chake cha kawaida, au lishushe gari kwenye rampu, ndipo ukaze kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha mtengenezaji. Nati za kujifunga zisirudishwe zilizotumika. Kwenye nati yenye pini, tundu lisipolingana endelea kukaza kidogo hadi lilingane, usiilegeze.

Ulichouliza usikithubutu ni kuitenganisha springi na shokapu bila kibano imara. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua, na ile nati ya juu, katikati ya shokapu, haifunguliwi kamwe kabla springi haijabanwa vizuri. Kama shokapu zimekwisha, zing'oe nzimanzima, uwapelekee wenye kibano kizuri wazifungue wao. Springi zenyewe ziache kama hazijavunjika wala gari halijashuka upande mmoja.

Spana_17 anaongeza:

Nawashukuru sana. Nimekagua kama mlivyoelekeza: linki ya kushoto inagonga, bushi ya nyuma ya mkono wa kushoto imejitenga kabisa na chuma chake, na bolijointi ya upande huohuo inacheza kidogo. Tairodi endi na beringi ni nzima, na shokapu ni kavu. Nimeamua kuchukua mikono miwili na linki mbili. Je, alaimenti (kupima na kunyoosha mwelekeo wa magurudumu) ni ya lazima ikiwa sikugusa stelingi?

Fundi_Mstaafu anajibu:

Kwa linki peke yake isingehitajika. Kwa mikono inahitajika, kwa sababu nafasi ya bolijointi mpya haiwezi kulingana kabisa na ile ya zamani iliyolegea, na huenda vipimo vya sasa vilishawahi kurekebishwa ili kufidia bushi iliyokufa. Ipime baada ya kila kitu kukazwa kwenye kimo chake, si kabla. Lile tairi lililolika ndani lipeleke nyuma kama bado lina kashata (meno ya tairi) ya kutosha. Likibaki mbele linaweza kuendelea kulivuta gari, nawe ukadhani kazi haikufanyika. Na unapoachanisha bolijointi, uangalie waya wa kihisi cha ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga wakati wa breki) na mpira wa breki, kwani habu, yaani kitovu cha gurudumu, ikidondoka nje ndivyo hivyo vitakavyobeba uzito wake.