Kifaransa "kina soko" Kigoma? Tuwekeane hesabu hapa, hadithi tumezichoka

Wakuu salaam. Mods, naomba msiupeleke huu uzi jukwaa la lugha. Hapa naongelea hela.

Kila msimu wa kuomba vyuo ukikaribia, watu wale wale wanaibuka na ushauri ule ule kwa madogo: "Soma Kifaransa, hakina ushindani. Wewe si mtu wa Kigoma? Kongo hiyo hapo, Burundi hiyo hapo, kazi utaikosaje?" Juzi nimemsikia mstaafu mmoja hapa Mwanga, Kigoma, akimpamba nayo binti wa form six, wazazi wamekaa wanatikisa vichwa kwa furaha. Nikaona leo niseme.

Digrii hiyo ninayo. Deni la mkopo wa chuo ni kama milioni 11. Shule binafsi ninayofundisha (jina siweki, ugali wangu bado uko kule) inanilipa 350,000. NSSF (akiba ya uzeeni) asilimia 10 inaondoka, 35,000. PAYE (kodi ya mshahara) 3,600, maana serikali haikosi chake. Mkopo asilimia 15, ambayo ni 52,500. Mkononi inabaki 258,900. Hapo kuna kodi ya chumba, mkaa, vocha, na mdogo wangu yuko sekondari anasubiri nauli.

Haya, chukueni milioni 11 mgawe kwa 52,500. Ni miezi 209. Miaka 17 na zaidi! Kozi ya miaka mitatu nitamaliza kuilipa wakati mtoto ambaye hata sijamzaa yuko form four.

Na hapo naongea nikiwa na nafuu. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021. Ingekuwepo leo, deni langu lingezaa 660,000 kwa mwaka, na mimi kwa mwaka nalipa 630,000. Yaani ningekuwa nalipa kila mwezi bila kuruka na deni linanenepa. Wanaosema "zamani watu walisoma hivyo hivyo na wakalipa" waipige hiyo hesabu kwanza ndipo waje kunijibu.

Najua mtu atakuja na "tatizo ni mshahara wa shule binafsi, Kifaransa kimekosa nini?" Nusu nakubali. Lakini mwenzangu wa fizikia, ofisi moja, meza zinagusana, analipwa kunizidi na jioni tuisheni yake imejaa hadi watoto wanakaa dirishani. Tuisheni ya Kifaransa hapa Kigoma nimfundishe nani? Mtaala mpya ulioanza 2024 umekitaja Kifaransa, pamoja na Kiarabu na Kichina, ila ni masomo ya kuchagua. Mkuu wa shule anayelia hana mwalimu wa hesabu hawezi kuniita mimi.

Sasa tuje kwenye huu mpaka mnaouimba. Mmewahi kukaa Kibirizi, hapa ziwani Kigoma, asubuhi boti zikiwa zinapakia? Nendeni. Mfanyabiashara wa Uvira au Kalemie, Kongo, akishuka pale anaongea Kiswahili. Chake cha kwao, ndiyo, lakini bei ya saruji na unga anapatana mwenyewe, na matusi ukimpunja anayo ya kutosha. Upande wa Manyovu, mpakani na Burundi, ndiyo kabisa: Muha na Mrundi wanasalimiana, wanapatana na kugombana bila kumhitaji mtu wa katikati. Mimi na digrii yangu nakaa wapi hapo?

Kifaransa kipo kwenye karatasi. Vyeti vya kuzaliwa, karatasi za mzigo, barua za ofisi za kule ng'ambo. Hiyo kazi nimeifanya. Wakala mmoja wa forodha alinipa kurasa nne za mzigo wa kwenda Kalemie, zimepigwa mihuri hadi maandishi hayasomeki vizuri, nikakesha nazo. Asubuhi ananiambia, "Mwalimu, si ulikuwa unasoma tu? Chukua elfu tano ya soda." Safari iliyofuata akapitisha karatasi kwenye Google Translate, akaniletea simu niangalie "kama iko sawa". Bure.

Kambi za wakimbizi? Hilo nalo huwa mnalitaja kama vile mmegundua dhahabu. Shule za kambi ya Nyarugusu zimekuwa zikifuata mitaala ya Kongo na Burundi, na walimu ni wakimbizi wenyewe waliosomea huko kwao, Kifaransa wamekulia nacho. Shirika limwache huyo, lije kunichukua mimi niliyejifunzia ukubwani kwenye darasa la watu wengi? Na sina kinyongo nao hata kidogo, wanaiweza kazi.

Kazi ya Kifaransa yenye hela nchi hii iko Arusha. Kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kuna Jumuiya ya Afrika Mashariki, kuna watalii. Enzi za ile mahakama ya mauaji ya Rwanda, kabla haijafungwa mwisho wa 2015, wakalimani walikula vizuri. Lakini ukalimani unasomewa kivyake, hakuna anayekuingiza kwenye kile kibanda cha vioo kwa sababu una BA. Na mtu aliyewaambia watoto wa Kigoma wasome Kifaransa kwa sababu ya Kongo hakuwaambia kwamba soko liko upande wa pili wa nchi.

"Jiajiri" nayo msiniletee. Aliyejiajiri naye kwenye mkopo anatakiwa atoe angalau 100,000 kwa mwezi. Kwa elfu tano tano za soda, nitafute mawakala 20 kila mwezi ndipo nianze kufikiria kula.

Kwa hiyo wenye digrii hii, au ya Kireno, au Kihispania kama mpo, wekeni hapa: mkoa, kazi, mshahara, makato, kinachobaki mkononi. Mnaotembeza watalii msifiche, hata kama ni nyingi wekeni. Na nyie mnaoandika "lugha ni fursa" kwenye kila uzi wa madogo, anzeni nyie. Kama hamjawahi kulipwa hata shilingi kwa Kifaransa, semeni hivyo hivyo, kwa maandishi, madogo wasome.