Mama alisema "najikaza", wao wakaandika "anaweza": PIP alama sifuri, tunakwenda rufaa

Wanajamvi, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitazificha.

Barua ya pili ya ofisi ya posho ya serikali imeingia jana. Mama yangu, miaka 58, baridi yabisi mwaka wa tisa sasa, ameambiwa kwa mara nyingine kwamba hastahili PIP hata senti. Alama sifuri kwenye shughuli zote kumi za maisha ya kila siku, sifuri kwenye mbili za kutembea. Huyu ni mtu ambaye kila asubuhi namfunga vifungo vya nguo kabla sijaenda kazini, kwa sababu vidole vyake havikunjuki mpaka saa nne.

Kwa wasioijua, PIP ni posho ya wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu huku Uingereza, ilianza 2013. Hawalipi kwa jina la ugonjwa. Wanaangalia kupika, kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutembea na kadhalika, na kila shughuli ina alama zake. Ukifikisha 8 unapata kiwango cha kawaida, 12 kiwango cha juu. Walio Scotland wana posho yao nyingine tangu 2022, nyie mtaniambia kwenu kukoje.

Usaili wa kupima hali ya Mama ulikuwa wa simu. Kampuni iliyoufanya kwa niaba ya serikali sitaitaja. Kiingereza cha Mama ni cha dukani, kwa hiyo tuliomba mkalimani, wakamuunganisha kwenye laini. Mimi nilikaa pembeni, simu imewekwa spika. Swali la kwanza: hujambo mama, unaendeleaje leo? Mama akajibu alivyolelewa Tanga: "Sijambo mwanangu, namshukuru Mungu."

Hiyo ni salamu! Mtu anaweza kuwa amelazwa wodini hajiwezi, ukimsalimu atakujibu sijambo. Kwenye ripoti imeandikwa kwamba mwombaji alieleza kuwa hali yake siku ya usaili ilikuwa nzuri.

Ikaja ya kuoga. Unaoga mwenyewe? "Najikaza tu, nitafanyaje." Mkalimani akalitoa hilo kwa neno moja la Kiingereza lenye maana ya kumudu. Basi. Ripoti inasema anamudu kuoga bila msaada wa mtu wala kifaa. Jamani, najikaza ni neno la mtu anayeumia. Hakuna Mswahili anayesema najikaza kwa jambo analoliweza. Ukiwa mzima unasema naoga, umemaliza. Mama aliposema najikaza alikuwa anasema kwamba anashika lile bomba la ukutani kwa kiwiko kwa sababu kiganja hakifungi, kwamba nywele namuosha mimi, kwamba akitoka bafuni anakaa kitandani nusu saa kabla hajaweza kufanya kingine. Nilitaka kuingilia, nikaambiwa nisubiri, nitapewa nafasi mwishoni. Mwisho ulipofika nikapewa dakika mbili, kwaheri.

Kuna sentensi nyingine ambayo nimeisoma mara ishirini. Wameandika kwamba hakuna upungufu wa nguvu za kushika vitu. Kwa simu! Mtu aliyekuwa mji mwingine kabisa, hajauona mkono wa Mama, hajamwambia ashike kitu, ameandika kuhusu nguvu za vidole vyake. Muuguzi wa kliniki ya baridi yabisi anayemuona Mama kila miezi michache, aliyeziona zile fundo za vidole zilivyovimba, barua yake ipo kwenye faili na haikutajwa popote. Halmashauri ilimletea kiti kirefu cha kukalia jikoni na vyuma vya kujishikia bafuni baada ya mtaalamu wao kufika nyumbani na kumkagua kwa macho yake. Navyo havimo. Wakaongeza kwamba sauti yake ilikuwa tulivu na hakuonyesha dhiki. Walitaka alie kwenye simu, mbele ya watu wawili asiowajua, mmoja wao mwanamume?

Sasa dukani. Aliulizwa duka liko mbali kiasi gani, akasema dakika kumi. Wakaandika kwamba anatembea dakika kumi, kwa hiyo zaidi ya mita 200, kwa hiyo sifuri. Nimepima kwa ramani ya simu: kutoka mlangoni kwetu mpaka dukani ni mita 140. Dakika kumi ni zake yeye, na fimbo, ameshika mkono wangu, anasimama mara tatu kwenye ukuta wa jirani. Na ni Ijumaa tu. Jumamosi yote analala.

Hapa ndipo nataka mnisikilize, hasa mliopata sifuri mkanyamaza. Kanuni za PIP za 2013, ile ya 4, hazisemi ukiweza kufanya jambo basi umeliweza. Zinasema lazima uliweze kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, uweze kulirudia kila linapohitajika, na kwa muda usiozidi mara mbili ya muda ambao mtu asiye na maradhi hayo angetumia. Mita 140 mzima anazimaliza kwa dakika mbili. Mama kumi. Halafu hawezi kurudia siku hiyo wala kesho yake. Kwa kanuni yao wenyewe hizo mita hazihesabiki kwamba anaziweza. Na kanuni ya 7 inaangalia hali ilivyo katika zaidi ya nusu ya siku zote, kwa hiyo ile siku moja nzuri ya wiki haiwezi kuzifuta zile sita.

Kupika vilevile. Nilidhani nitawaambia kwamba Mama hasongi ugali tena, chapati hajasukuma tangu mdogo wangu aolewe, nazi ndiyo kabisa. Mshauri wa Citizens Advice (shirika linaloshauri watu kuhusu haki zao, huduma yao ni ya bure, nendeni) akanionyesha kwamba kipimo ni mlo rahisi wa mtu mmoja kwa vitu vibichi, uupike juu ya jiko, na kuinama kwenye oveni hakuhesabiwi. Kwa hiyo nimeacha habari za chapati. Nimeandika kwamba hawezi kumenya kiazi, kisu kinamponyoka, ameshajikata mara mbili na chakula cha moto amekimwaga mguuni. Hata akikata kitunguu kimoja tu, anaumia.

Barua ya kwanza tulipoipata tuliomba uamuzi uangaliwe upya, maana huwezi kuruka hatua hiyo. Una mwezi mmoja, unahesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua, si siku uliyoipokea. Nikapiga simu nikaomba nakala ya ripoti, inaitwa PA4, wanatoa bila malipo. Niliandika kurasa nne za hasira: mtathmini ni mwongo, mkalimani hajui Kiswahili, hamna huruma. Majibu ndiyo haya ya jana. Wamenakili ripoti ileile na kusema hawaoni sababu ya kutoiamini.

Nimejifunza kwa uchungu. Kuna ndugu alinishauri tuilalamikie kampuni, na lalamiko nimepeleka, lakini lalamiko halibadilishi alama hata moja. Jaji wa rufaa hataniuliza kama mtathmini alikuwa mtu mbaya. Atauliza Mama anaogaje. Kwa hiyo safari hii nimechukua kila shughuli peke yake: ripoti imesema nini, ukweli ni upi, mara ya mwisho ilikuwa siku gani na nini kilitokea, ushahidi uko karatasi gani. Nimeandika maelezo yangu na kuyasaini kama mtu niliyekuwepo chumbani na niliyesikia "najikaza" kwa masikio yangu, na nimeeleza neno hilo maana yake. Muuguzi nimemuomba aandike kuhusu kipindi kile cha uamuzi, kwa sababu baraza la rufaa linaangalia hali ilivyokuwa siku ile, si ilivyo leo. Na nimechagua Mama asikilizwe ana kwa ana. Wanakaa jaji, daktari na mtu mwenye ujuzi wa mambo ya ulemavu, na wote watatu wataiona mikono yake.

Kosa letu moja linaninyima usingizi. Hatukuomba usaili urekodiwe. Inaruhusiwa, ila unaomba kabla ya siku yenyewe. Kama unasoma hapa na usaili wako bado, piga simu kesho asubuhi.

Mama mwenyewe anataka tuache. Anasema tusionekane hatuna shukrani kwa nchi iliyotupokea, na kwamba watu watasema anadai hela za bure. Miaka 14 amewainua wazee wa watu kitandani kwenye nyumba za kulelea, usiku kwa mchana, mpaka fundo zikagoma. Jana nilimkuta anafua khanga zake kwenye beseni kwa mikono ileile ili anionyeshe kwamba hali si mbaya kiasi hicho, hazikukamuka, akaziacha zinachuruzika. Siachi. Kwa miaka mingi takwimu za serikali yenyewe zinaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya rufaa za PIP zinazosikilizwa zinaishia kwa mwombaji kushinda. Nusu! Maana yake watu wangapi wamesomewa sifuri, wakaamini, wakakaa kimya?

Sasa naomba msaada wa waliokwisha pita huko. Mkalimani wa kwenye baraza wanamtoa wao, mimi mtoto siruhusiwi kutafsiri. Kwenye fomu nimeandika Kiswahili, nikaongeza Tanga. Je, mkalimani akitafsiri vibaya mbele ya jaji, uliruhusiwa kunyoosha mkono papo hapo, au ulisubiri uulizwe? Na mlimwandaaje mzee wenu kuacha "sijambo, namshukuru Mungu"? Nimemfanyisha mazoezi Mama tangu asubuhi. Nikimuuliza mikono ikoje, bado ananijibu haijambo.