Aliyegandishwa 1967 akiamka kesho, aliyeamka ni nani?

Wakuu, hii hoja inanikosesha usingizi, nawaletea tuichambue.

Tarehe 12 Januari 1967, huko California, James Bedford, profesa wa saikolojia, alifariki kwa saratani. Badala ya kuzikwa, akagandishwa. Mpaka leo yupo, Arizona, ndani ya tangi la nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, chini ya uangalizi wa taasisi iitwayo Alcor. Wenyewe hawamwiti marehemu, wanamwita mgonjwa. Na wapo waliohifadhiwa kichwa peke yake. Bei yake ni nafuu zaidi.

Msinijie na habari ya kama inawezekana. Nguru akitoka kwenye friza kila mtu anajua anavyolegea na kuchuruzika maji. Tuseme tu imewezekana. Aliyeamka ni Bedford?

Msimamo wangu: ama hakufa, ama si yeye. Kama ni ubongo uleule umetengenezwa ukafanya kazi, basi jamaa alizimia muda mrefu, basi. Zamani moyo ukisimama watu walikwenda kuchimba kaburi. Leo daktari anaushtua, mtu anafumbua macho, na hatusemi amefufuka. Kama wamenakili kumbukumbu zake kwenye kompyuta, hiyo ni nakala, na anayetoa nakala moja anaweza kutoa tatu. Zote tatu zitasema "mimi ndiye baba yenu". Shikamoo utampa yupi?

Najua mtanitajia John Locke, yule mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, kwamba mtu ni yuleyule kwa kadiri anavyojikumbuka. Babu yangu mwaka wake wa mwisho alikuwa akiniuliza, "Wewe kijana ni wa nani?" Nikimjibu anacheka, anamaliza chai, anauliza tena. Kumbukumbu zilimtangulia kuondoka. Lakini nilipomwosha miguu jioni sikuwa na shaka naosha miguu ya nani.

—

Mkuu, umejifunga mwenyewe. Kwa hiyo mtu ni ile miguu? Sasa huyo aliyehifadhiwa kichwa tu, akipachikwa kiwiliwili kipya, utamwita nani? Na usiniambie ubongo, maana wa babu yako ulishachoka na bado ukamwita babu.

—

Nyie mko kwenye ubongo, mimi niko kwenye mirathi. Mjane kakaa eda, katoka, kaolewa. Nyumba imegawanywa, kuna aliyeuza fungu lake kanunua bodaboda. Mara hodi mlangoni. Hapo Locke anasaidia nini?

—

(Mleta mada) Wa mirathi: cheti cha kifo kipo, kwangu nyumba hapati, hata kama ni yeye. Akaanze upya kama mgeni mwingine yeyote. Wa kichwa: hapo umenibana. Nilitaka kusema tulimjua babu kwa kuwa hakuna siku alitoka machoni petu, lakini naona Bedford naye hajatoka kwenye tangi. Nipe mpaka kesho.