Ushauri: nati ya linki ya stabilaiza imegoma, gari liko juu ya jeki siku ya 9 (Tanga)

MtuWaSahare

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisome mpaka mwisho ndipo mcheke, maana hapa nyumbani wameshacheka vya kutosha.

Nina Toyota Spacio ya 2003, injini 1NZ. Kama miezi miwili hivi mguu wa mbele kushoto ulikuwa unagonga, ko ko ko, kila nikipanda tuta au nikiingia shimoni. Nikalipeleka kwa fundi wa mtaani kwetu. Akalitikisa, akasema bushi. Bushi zikabadilishwa, nikalipa, na kabla sijafika hata Raskazone, ko ko ko. Nikarudi. Tukazozana mbele ya watu, mdomo ukaniponyoka: nikamwambia kazi yake hiyo hata mimi naifanya nyumbani kwa spana mbili.

Nikaingia kwenye video za kubadilisha linki za stabilaiza, vile vyuma vifupi vinavyounganisha shokapu na chuma cha stabilaiza. Yule jamaa gari lake chini linang'aa kama sahani ya harusi. Kaweka spana, kazungusha mara tatu, nati hiyo mkononi. Eti dakika 20 kila upande. Nikaenda Ngamiani nikanunua linki za stabilaiza pea moja, elfu 45, pamoja na spana ya 17 na seti ya alenki (vile vyuma vya pembe sita vya kuingiza kwenye tundu la bolti), kwa sababu kwenye video walisema nati ikizunguka pamoja na bolti, unaishikilia bolti kwa alenki ya 6 kwenye kale katundu ka katikati.

Jumapili saa mbili asubuhi gari likapanda juu. Katundu kenyewe kalikuwa kamejaa kutu na udongo wa miaka 20. Nikakachokonoa kwa msumari, nikaingiza alenki, nikavuta spana. Nikasikia kitu kimeachia. Nikasema alhamdulillah. Kumbe kilichoachia si nati, ni zile pembe sita za tundu. Sasa hivi ni duara tupu, alenki inazunguka humo kama kijiko ndani ya kikombe cha chai. Nati na bolti vinazunguka pamoja, huku na huku, ila kutoka havitoki.

Nimemaliza kopo zima la WD-40. Nimegonga kwa nyundo. Nimebana kwa plaizi, ikateleza ikanichuna vidole viwili. Nimeleta spana malaya, nayo imezitafuna kona za nati. Leo siku ya 9. Tairi liko sebuleni, mama watoto amelifanya kigoda cha kuwekea sinia la mchele. Mimi kazini Kange naenda kwa baiskeli. Kwa Tanga hiyo si aibu, najua. Tatizo ni kwamba kila asubuhi napita mbele ya kijiwe cha fundi yule. Hasemi neno baya. Anainua mkono tu: "Vipi mkubwa, imetoka?"

Naulizia mambo matatu. Nikate? Nichome kwa gesi? Au niende nikamwombe radhi? Gari liko salama, nimetumia jeki yake ya kwenye buti, na chini nimeweka tofali mbili za saruji.

WajaLeo

Naweka kambi hapa. Tanga ni waja leo waondoka leo, hili gari lako tu ndilo limekuja likakataa kuondoka.

MzeeGrisi

Mwanangu, acha nati. Nenda sasa hivi katoe hizo tofali, kisha urudi tuzungumze.

Tofali la saruji linabeba nyumba kwa sababu uzito umetandazwa juu yake lote. Gari linaliwekea chuma chembamba katikati, uzito wote hapo. Na tofali halinung'uniki kwanza ndipo lipasuke, halikupi taarifa. Linapasuka mara moja tu, na wewe kichwa kiko chini. Nimefanya kazi hii kuanzia kabureta mpaka haya magari ya sensa, vidole vyangu vinane na nusu. Hiyo nusu ilikwenda na jeki ya kwenye buti. Jeki ile ni ya kubadilishia tairi njiani, ukimaliza unaondoka zako. Haikutengenezwa kwa mtu kulala chini yake.

Tafuta stendi za jeki, azima ukikosa. Huna kabisa, tafuta magogo mazito ya mbao yaliyokatwa sawasawa. Na hilo tairi mwambie shemeji alirudishe, lilaze chini ya kizingiti cha mlango wa gari. Lolote likiteleza, gari litaangukia tairi, halitakuangukia wewe. Sahare kwenu ni mchanga, kwa hiyo chini ya jeki weka ubao mpana.

MtuWaSahare

Mzee Grisi, shikamoo. Nimetoa. Moja lilikuwa limeshaanza ufa. Nimekaa chini kidogo.

MzeeGrisi

Marahaba. Haya, waachie vijana wakwambie ya nati.

DadaWaChumbageni

Pole kaka. Hilo la tundu kuwa duara limenikuta kwenye Allion yangu, kwa hiyo usijione wewe ndiye mjinga wa kwanza.

Gesi usiguse. Pale jirani kuna hozi ya breki, kuna buti la mpira la draivi shafti, na kile kifundo cha linki, yaani kiungo chake cha mwishoni kinachochezacheza, ni chombo kilichofungwa chenye grisi ndani. Ukikichemsha kinaweza kuruka na grisi ya moto ikakujia usoni.

Sikiliza, linki hiyo unaitupa, sawa? Basi usihangaike na nati ya watu. Shika kisu, kata kile kiatu cha mpira cha kifundo, kivue chote. Ukishakivua utaiona shingo ya bolti, upande wa nyuma, kati ya kifundo na bati la shokapu. Ukiwa na vaisi gripi ya maana, ile plaizi inayojifunga, ibane hapo kwa nguvu zako zote, halafu vuta nati kwa soketi. Soketi ya pembe sita, maana kona umeshazila. Mara nyingi inatoka hivyo. Ikikataa, hapo hapo kwenye shingo ndipo pa kukata.

Ukitumia grenda, vaa miwani, funika hozi ya breki na waya wa sensa ya tairi kwa kitambaa kilicholowa maji, na kinga ya diski usiitoe. Mimi nilitumia msumeno wa chuma. Ni polepole, lakini msumeno haurushi cheche.

Bosi_Makorora

Samahani, lakini watu wa hivi ndio mnaoua magari. Gari lina wenyewe. Ungempa fundi elfu 20 saa hizi ungekuwa Pangani unakula samaki.

MtuWaSahare

Bosi, nilishampa fundi. Soma juu.

DadaWaChumbageni

Bosi, hata daktari ukimkuta hajui unatafuta mwingine, lakini panadol unameza mwenyewe. Linki ni panadol.

PwaniTupu

Niongezee kidogo, ingawa sijui kukata wala kuchoma. Sisi tunaokaa karibu na bahari, chumvi ndiyo inayotumaliza. Upepo unaletea nyumba nzima mpaka madirisha yanalia, sembuse bolti iliyoko chini ya gari. Mimi kila mwisho wa wiki napiga maji baridi chini ya gari, na kila bolti ninayoifungua hairudi bila grisi ya shaba kwenye uzi wake. Isipokuwa nati za tairi, hizo zinafungwa kavu. Na kwenye diski na pedi grisi isisogee kabisa.

Na WD-40 kopo zima kwa siku moja ni kuogesha tu. Mafuta ya kulegeza yanataka kupuliziwa jioni, asubuhi unarudia, unayapa muda yanywe.

MtuWaSahare

Taarifa, Jumamosi usiku.

Vaisi gripi sikupata ya maana, niliyoazima meno yake yamekwisha kama ya babu. Grenda nilipata, umeme ukakatika. Basi msumeno. Dakika 40, nimelala ubavu, jasho linaingia machoni, kijana wangu wa miaka 10 ananishikia taa ya simu na kuniuliza kila mara, "Baba, bado?" Unga wa chuma unanyesha shingoni. Halafu kikasikika kimlio chembamba, tik, msumeno ukapita. Wakuu, nilipiga takbira mtaa mzima ukasikia.

Nati ya chini ikatoka kwa mkono mmoja. Hata alenki haikutaka. Nimeichukia zaidi ya ile ya juu.

Sasa balaa jipya. Linki mpya ya juu inaingia, ya chini haifiki kwenye tundu lake. Inapungua kama upana wa vidole viwili. Wameniuzia ya gari lingine?

MzeeGrisi

Hawajakuuzia ya gari lingine. Gari umelinyanyua upande mmoja, sivyo? Kile chuma cha stabilaiza kimeunganisha miguu yote miwili. Kushoto kunaning'inia, kulia kumekanyaga, basi chuma kimejisokota katikati. Nyanyua pande zote mbili ziwe sawa, vyote vining'inie, tundu litakuja lenyewe. Usivute kwa nondo, utaumia.

Lakini ngoja kwanza, usifunge. Linki uliyoikata unayo?

MtuWaSahare

Ninayo, iko kwenye ndoo. Nilitaka kuitundika ukutani.

MzeeGrisi

Ishike mkononi. Kifundo cha chini, kile ambacho hukukikata, kisukume huku na huku kwa kidole gumba. Linki mbovu kifundo chake kinacheza chenyewe, kinalegea, kinagonga. Nzima inakuwa ngumu, mpaka utumie nguvu. Na cha juu, lile gutu la bolti lililobaki, lijaribu hivyo hivyo.

MtuWaSahare

…

Ngumu. Vyote viwili. Vigumu kama vya mpya.

WajaLeo

Innalillahi.

Bosi_Makorora

Sijasema kitu.

DadaWaChumbageni

Kaka, kunywa maji. Halafu fanya hivi. Funga hiyo mpya, rudisha tairi, shusha gari likanyage. Fungua boneti. Ile sehemu shokapu inapotokeza juu, kushoto, weka kiganja pale juu ya mpira wake. Mwambie kijana azungushe usukani huku na huku, kisha asukume gari kwa juu liyumbe. Kiganja ndicho kitakwambia. Kama linagonga kwenye kiganja, ni maunti ya shokapu, yaani huo mpira unaoshikilia shokapu kwa juu.

Kama kiganja kimetulia, nyanyua tena, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza ni boli jointi au beringi. Ulishike kushoto na kulia, likicheza ni tai rodi. Video ingeanzia hapa kabla ya kukupeleka dukani.

MtuWaSahare

Jumapili, saa nne asubuhi.

Ko. Kiganjani. Usukani ukigeuka kidogo tu, mpira wa juu unaruka na unagonga mkono wangu. Kwa muda wote huo ulikuwa pale juu, penye mwanga, bila hata jeki.

Nimeona kuna nati moja kubwa pale katikati, imekaa vizuri kabisa, spana inaingia bila shida. Nikiifungua hiyo nabadilisha maunti?

MzeeGrisi

USIIGUSE HIYO NATI.

Samahani kwa kupaza sauti. Chini ya hiyo nati kuna springi iliyobanwa, na nati ndiyo inayoishikilia. Ukiifungua springi ikiwa haijafungwa kwa vibanio vyake, vitu vitaruka juu kwa nguvu zote za springi, na uso wako uko hapo hapo. Kazi hiyo inataka kushusha mguu mzima wa shokapu, kuibana springi kwa vibanio viwili pande zote mbili, ndipo nati ifunguliwe. Vibanio vya kuunga kwa nondo na waya sivitaki kuvisikia. Hapa ndipo mwisho wako, mwanangu. Linki umeweza, sina neno. Hii mpe mtu mwenye vifaa.

PwaniTupu

Nakazia. Jirani yetu mmoja ana kovu la hiyo kitu kuanzia kidevuni mpaka sikioni.

MtuWaSahare

Nimeelewa. Sasa mwenye vibanio hivyo mtaa huu ni mmoja tu, na mnamjua ni nani.

DadaWaChumbageni

Nenda kabla jua halijawa kali. Na usiende mikono mitupu, pitia hata mkate wa ajemi.

MtuWaSahare

Nimerudi.

Nilimkuta anapiga kashata na kahawa na wenzake, wote wakanyamaza. Nikatoa salamu, nikakaa. Nikamwambia linki imetoka lakini ilikuwa nzima, kinachogonga ni maunti ya juu. Akatikisa kichwa, akasema hata yeye alikuwa ameanza kuifikiria hiyo, lakini siku ile sikumwachia gari, niliondoka na maneno. Ni kweli, niliondoka na maneno. Na bushi je? Akasema bushi za zamani anazo bado, nikitaka nikazione, zilikuwa zimepasuka. Alinionyesha. Zilikuwa zimepasuka.

Anakuja Jumamosi na vibanio vyake, maunti ninunue mwenyewe nimpelekee aikague kwanza. Bei ameitaja, sikubisha.

Nilipoinuka kuondoka ndipo akaniuliza, taratibu kabisa, mbele ya wote:

"Mkubwa, zile spana zako mbili, ni za ngapi na ngapi?"

Kahawa zilimwagika pale. Hata mimi nilicheka.

Linki ya kulia sijaifungua, ya zamani iko salama nimeitikisa. Hii mpya bado iko kwenye karatasi yake. Kuna mwenye Spacio anayeihitaji?

WajaLeo

Bei?